Sinia Tulilompelekea Rubani

Kaka yangu alikuwa mwenyeji wa kwanza kukaa peke yake kwenye mnara wa uwanja wa ndege wa kisiwa cha Nosy Be, na nyumbani kwetu Mahajanga hakuna aliyeelewa kazi hiyo ni nini hasa. Mama aliwaambia majirani wa mtaa wetu wa Tanambao kwamba mwanawe anarusha ndege. Nilimweleza mara nyingi kwamba ndege zinarushwa na marubani, kaka anatoa ruhusa tu.

"Sasa bila ruhusa yake zinaruka?"

"Haziruki, mama."

"Basi anazirusha."

Naandika Kiswahili kwa sababu nyumbani twasema Kingazija, sokoni Kisakalava, skuli Kifaransa, na Kiswahili nilifundishwa na babu mzaa mama, aliyekaa Unguja ujanani mwake. Tangu afariki hakuna mwingine nyumbani anayeweza kukisoma, nami sipendi kusomwa. Kwa hiyo watu wakizungumza humu, kila mmoja alizungumza kwa lugha yake, mimi nimewageuzia.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru na bendera mpya. Mfaransa aliyekuwa mnarani alifunga mizigo akarudi kwao, na kaka akaletwa kutoka mji mkuu alikokuwa akisomea kazi hiyo. Hakuwa amethibitishwa. Alikuwa katika majaribio, na kila mtu alijua maana yake: akifaulu kazi ni yake, akiharibu ataambiwa asante na kwaheri. Alikuwa ameoa huko huko Nosy Be. Kwa desturi yetu mwanamume huhamia nyumba ya mkewe, na huingia na kazi yake mkononi; akiikosa kazi, hana pa kutundika shati. Tena wifi alikuwa na mimba. Likizo ile ndefu nilipelekwa kwao nikamsaidie kuchota maji na kupika, na pia, nadhani, ili mama apumzike bila mimi, maana alikuwa akisema kukaa na msichana asiyesema ni kama kukaa na paka.

Mchana nilimpelekea kaka chakula. Mnara wenyewe ulikuwa chumba cha mbao juu ya nguzo, una madirisha pande zote, na redio kubwa kama kabati la vyombo. Mimi nilikaa kwenye kidato cha juu cha ngazi, mlango ukiwa wazi, nisije nikaonekana nimeingia kazini kwa watu. Upepo ukivuma kutoka mashambani ulileta harufu ya mlangilangi mpaka kichwa kikauma. Pale ngazini nilisikia kila neno.

Kazi ilikuwa hivi. Kaka akisema jambo kwenye kipaza sauti, rubani alipaswa kulirudia lote, neno kwa neno, ndipo kaka ajue kwamba limefika. Ukimwambia mtu "subiri", naye akajibu "nasubiri", umemfunga kwa ulimi wake mwenyewe. Ndivyo alivyofundishwa. Lakini marubani wa pwani hii walikuwa na desturi yao. Walibana kitufe cha redio mara mbili bila kusema kitu, na mnarani ikasikika tk, tk. Maana yake: nimesikia, niache niendeshe.

Siku za kwanza kaka alidai. "Rudia, tafadhali." Wengine walirudia kwa kununa. Mmoja hakurudia kabisa. Huyu alikuwa rubani wa ndege ndogo ya abiria iendayo Mahajanga, Mfaransa mzee mwenye nyusi nyeupe, mtu wa vichekesho. Alisema redioni, nikamsikia kwa masikio yangu:

"Mwanangu, mimi nilikuwa natua hapa wakati huo mnara wako bado ni miti msituni."

Kaka alicheka. Alicheka huku anakiangalia kipaza sauti kana kwamba kimemtemea mate. Tangu siku ile sikumsikia tena akimwambia mtu arudie.

Nilimuuliza. Mimi kwa watu sisemi, lakini kwa kaka husema. "Si ulifundishwa lazima warudie?"

"Nilifundishwa na watu wasioishi naye. Huyu mzee juzi kamletea wifi yako dawa kutoka Mahajanga, na hata asante hakuingoja. Mtu mzima harudishwi kwenye neno lake. Wewe ungeweza?"

Nisingeweza. Mimi hata muuza samaki akinikosea chenji sisemi.

Siku ya kurudi skuli ikafika. Wifi alinifungia maembe mabichi ya mama kwenye kikapu, kaka akaniaga mapema kwa sababu alikuwa zamu. Ndege yenyewe ilikuwa na viti vichache na injini mbili, na kati ya rubani na abiria hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia lililofungwa pembeni kwa kamba. Rubani aliwapanga watu kwa uzito. Alinitazama akasema, "Wewe mwembamba, kaa hapa nyuma yangu." Niliona aibu kuitwa mwembamba mbele ya watu lakini nilikaa.

Nyuma yangu alikaa karani wa kiwanda cha sukari, mtu mnene, amepakata sanduku la mashine ya kushona. Tukasogea mpaka mwanzo wa njia ya kurukia. Rubani alivaa vile vikombe viwili vya kusikilizia, akamwambia kaka kwamba yuko tayari, akaitikia ruhusa kwa kubana kitufe mara mbili. Mimi nilitazama mnara. Nilimwona kaka dirishani, mdogo kama picha ya kwenye pasipoti. Nikainua mkono, ingawa nilijua hanioni.

Hapo ndipo rubani alipogeuka na kuliona lile sanduku.

"Hilo ni nini?"

"Mashine, bwana."

"Nilisema mizigo nyuma!"

"Bwana, ni mashine ya mke wangu. Ikigongwagongwa huko nyuma mimi siingii ndani leo."

"Ukikaa nayo hapo, sote hatuingii ndani leo!"

Injini zilikuwa zinanguruma na hawakusikilizana. Rubani akavishusha vile vikombe kutoka masikioni, akaviacha vining'inie shingoni, wakaendelea kugombana kwa kupiga kelele. Mwishowe karani aliinuka akaisukuma mashine mkiani huku akisema maneno ya Kimalagasi ambayo sitayaandika. Rubani aligeuka mbele, amekasirika, akasukuma vishikio vya injini, ndege ikaanza kukimbia.

Vikombe bado vilikuwa shingoni. Niliviona. Niliona kama unavyoona kola ya mwalimu imekunjika: unaona, lakini si jambo la kukuhusu. Mimi nilijuaje? Nilidhani labda kwenye kuruka havivaliwi.

Tulikuwa tumeshika kasi, mkia umeinuka, nilipoona kitu kinatujia kutoka upande wa bahari, chini, kinyume chetu. Kilikua upesi sana. Ilikuwa ndege nyingine, ndogo, ya kile kiwanda cha sukari, iliyokuwa inakuja kutua. Rubani wetu alitaja mama yake. Yule mwingine akainua pua ya ndege yake, ikatupita juu, na kivuli chake kikaingia ndani ya ndege yetu, kikapita juu ya mapaja yangu, juu ya kikapu cha maembe, kikatoka. Niliona magurudumu. Niliona mpaka matope kwenye magurudumu. Halafu nasi tulikuwa hewani na chini palikuwa na bahari.

Hakuna aliyelia. Mwanamke aliyekuwa mwisho kabisa na mtoto wake aliuliza, "Ndiyo tumefika?" Rubani alivaa vikombe vyake, akasikiliza kitambo. Baadaye alitaka kuwasha sigara, kiberiti kikawa kinamzimikia. Alipogeuka kwetu alikuwa na peremende mkononi. "Si kitu," alisema. "Ndege mbili zimesalimiana." Karani hakupokea.

Nilimweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishikashika mabega kama anayepima kitambaa, kisha akauliza kaka alikuwa wapi. Nikasema mnarani. Kuanzia hapo hakukaa. Alifagia ua uliokuwa umeshafagiwa.

Baada ya siku chache kaka mwenyewe alikuja, kwa meli ya pwani, na mkoba mdogo. Alikuwa ameitwa. Mkaguzi anatoka mji mkuu, atakaa hapa Mahajanga kwenye uwanja wa ndege, awasikilize yeye na rubani, aamue. Kaka aliyasema haya amesimama, hajavua viatu. Rubani ameshatoa taarifa kwamba mnara ulimpa ruhusa, na baada ya hapo haukumwambia kitu.

"Nawe ulimwambia?" mama aliuliza.

"Nilimwambia asubiri, kuna ndege inatua. Akajibu."

"Alijibu nini?"

Kaka aligonga ukucha kwenye mlango mara mbili. Tk, tk.

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndivyo wanavyojibu, mama."

Mama alikitazama kile kidole chake. "Na wakikufukuza?"

"Nitarudi hapa."

"Ukamwache mkeo na tumbo lile?"

Kaka alianza kufungua kamba za viatu, akaziacha, akatoka nje.

Asubuhi yake mama alikuwa ameshaamua. Alikuwa anakoroga unga wa mkate wa sinia, tena ule mzuri wa mayai mengi, na jirani alikuwa ameagizwa halwa. Niliambiwa nivae buibui safi. Tunakwenda kwa rubani kuomba radhi.

Kaka alikataa. "Mama, mimi sikukosa."

"Nani kasema umekosa?"

"Sasa radhi ya nini?"

"We mtoto, umesahau ulikozaliwa? Anayekwenda kwanza si mkosaji. Anayekwenda kwanza ni mdogo, na mdogo ni wewe. Sisi tutafanya letu, na yeye atafanya lake."

Hivyo ndivyo ilivyo kwetu, na sikuwahi kufikiri kwamba kwingine inaweza kuwa vingine. Watu wawili wakigongana, jamaa za mdogo huenda na sinia kwa mkubwa. Mwenyewe hubaki nyumbani, huenda mama na dada. Wanasema tumekuja kuomba radhi. Mkubwa anaruka palepale: astaghafirullah, ni mimi niliyewaudhi! Kisha anamega kipande mbele yenu, na sinia linarudi na kitu ndani yake, hata kama ni sukari au ndimu mbili. Basi imekwisha. Nani alikosa, hilo haliulizwi tena, na atakayeuliza ndiye mkosaji. Wajomba zangu wawili waliacha kesi ya ukuta namna hiyo, na mpaka leo ukuta umepinda na wao ni marafiki.

Tulipanda puspus, kile kigari cha kukokotwa na mtu, mama na mimi na sinia mapajani. Mvutaji alikuwa mtu wa maneno. "Harusi?" aliuliza. "Matanga?" Mama akamwambia atazame mbele. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa natafuta maneno ya Kifaransa kichwani, kwa sababu mkalimani ni mimi, hakuna mwingine. Nikiwa darasani nikiulizwa, maneno hunitoka vidoleni, nachana pembe za daftari. Sasa nilikuwa nachana ukili wa kawa lililofunika sinia, mama akanipiga mkono.

Rubani alikuwa barazani na mbwa wake. Mama anaogopa mbwa, na pia hataki amguse, kwa hiyo mazungumzo yote tuliyafanya tukiwa tumesimama kwenye ngazi na mbwa anatunusa.

"Mwambie," mama alinong'ona. "Mwambie tumekuja kuomba radhi kwa yaliyotokea."

Nikamwambia.

"Sauti, mwanangu, anakuangalia mdomo."

Nikarudia. Rubani alisimama. Uso wake ulibadilika, na nitasema kweli, ulibadilika kwa wema. Macho yalimlegea. Alivua kofia akamwinamia mama, jambo ambalo sikuwahi kuona Mfaransa akimfanyia mwanamke wa Tanambao.

"Mwambie mama yako amezaa mtoto mzuri. Ni kijana tu. Sote tulikuwa vijana. Mimi sina kinyongo naye hata kidogo."

Mama alingoja. Nilijua anangoja ile nusu ya pili. Rubani naye alitabasamu, kwa upande wake yamekwisha. Alichukua sinia akaingia ndani, tukasikia maji, akatoka nalo limeoshwa, linang'aa, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Tupu.

Njiani kurudi mama alilishika wima kama ngao.

"Hakumega," alisema.

"Hajui, mama. Kwao si hivyo."

"Kalirudisha tupu."

"Labda ataleta kesho."

"Hata ndimu?"

Usiku nilimsikia akisema peke yake neno hilo hilo, hata ndimu.

Siku ya mkaguzi tulikwenda watatu, ingawa aliyeitwa ni kaka. Mkaguzi alikuwa mtu wa nyanda za juu, amevaa suti ya kijivu katika joto la Mahajanga, hatoki jasho. Mama alinivuta sikio. "Huyu ni wa kwao au wa kwetu?" Sikujua nimjibu nini, kwa sababu alikuwa Mmalagasi lakini alikuwa akisema Kifaransa hata na mfagiaji. Alituambia jamaa wakae ukumbini. Kaka akamwambia kwamba mimi nilikuwa ndani ya ndege siku ile. Mkaguzi alinitazama, akasema basi nikae karibu na mlango, labda atanihitaji. Nilimwomba Mungu asinihitaji.

Kaka alieleza kwanza. Aliongea vizuri, Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu. Aliitoa ruhusa lini, aliiona lini ndege ya kiwanda, alimwambia rubani asubiri, akajibiwa.

"Kwa maneno?"

"Kwa kubana kitufe, bwana. Mara mbili. Ni desturi hapa."

Mkaguzi akamgeukia rubani. "Nawe ulisikia uliambiwa usubiri?"

"Hapana. Sikusikia kitu." Rubani alikuwa ameketi ameweka kofia gotini. "Lakini, bwana mkaguzi, nisingependa jambo hili limharibie kijana. Ana akili. Na ameonyesha uungwana. Mama yake na dada yake, huyo hapo mlangoni, walikuja mpaka nyumbani kwangu kuomba msamaha, na keki. Mimi nimeshamsamehe. Kwangu yamekwisha."

Alisema hivyo kwa kumtetea. Nilimwona, alikuwa ananitabasamia. Mkaguzi aliacha kuandika.

"Walikuja kuomba msamaha?"

"Kwa heshima kubwa."

"Basi familia yenyewe inakubali kwamba kosa ni la mnara."

Kaka angesema nini? Kwamba tulikwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya? Kwamba mama alikuwa akingoja rubani naye aombe? Kwa Kifaransa, mbele ya suti ile, kila nilivyoligeuza jambo hili kichwani lilisikika kama uongo wa mtoto. Shingo ya kaka ilikuwa imeanza kutoka jasho mpaka kwenye kola. Nilimfikiria wifi, jinsi anavyokaa kitako na kunyanyuka kwa kushika ukuta.

Nikasimama. Sikuitwa, nilisimama tu, na nikiwa nimesimama ikawa hakuna namna ya kukaa.

"Vikombe vilikuwa shingoni," nilisema.

"Vikombe gani? Sema kwa sauti, binti."

"Vya kusikilizia. Bwana rubani alivitoa masikioni ili amsikie karani wa mashine. Hakuvirudisha. Tumekimbia vikiwa shingoni. Mimi nilikuwa nyuma yake."

Rubani alinyanyua mkono akajishika shingo, pale pale. Sidhani alikuwa amedanganya. Nadhani alikuwa amesahau kwa kweli, kwa sababu ya hasira na ile mashine, na sasa ndiyo alikuwa anaona. Wekundu ulipanda kutoka kwenye kola mpaka kwenye nyusi zile nyeupe.

"Ni kweli," alisema polepole. "Yule mnene na sanduku lake. Ni kweli."

Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilidhani nimemwokoa kaka. Nilimtazama anipe hata jicho.

Kaka hakuwa akinitazama. Alikuwa anaitazama meza, na uso wake ulikuwa umekufa kuliko mwanzo.

Mkaguzi ndiye aliyesema. "Kama hakusikia, basi hakujibu. Sasa wewe nani alikujibu?"

"Yule aliyekuwa anatua," kaka alisema. "Alinisikia nikisema kuna ndege inatua. Akabana kitufe kuniarifu kwamba amenielewa. Naye hujibu hivyo hivyo. Wote hujibu hivyo hivyo."

"Nawe ulidhani ni huyu."

"Nilidhani ni huyu."

"Uliwahi kumwambia arudie kwa maneno?"

"Zamani. Niliacha."

"Kwa nini?"

Hili nalo halikuwa na Kifaransa chake. Kaka alimtazama rubani, na rubani alitazama kofia yake. Nikakumbuka ile siku ya mnara na miti, na nadhani wao pia.

"Ni mtu mzima," kaka alisema.

Mkaguzi aliliandika, sijui aliandikaje. Tukatolewa nje sote. Ukumbini mama alinirukia.

"Umesema nini humo? Nimesikia sauti yako. Nimesema huyu si wangu, wangu hasemi."

Nikamwambia.

"Ulisema kweli?"

"Nilisema kweli, mama."

"Sasa mbona mwenzio yuko hivyo?" Kaka alikuwa amejiegemeza ukutani, uso umetazama chokaa. Sikuweza kumweleza mama. Sikuwa nimejieleza mwenyewe. Nilitembea kutoka mlango mpaka dirisha na kurudi, na mama akaniiga, tukawa tunapishana.

Mkaguzi alipotuita alikuwa amesimama. Rubani alipewa onyo mbele yetu, na akalipokea kichwa chini. Kuhusu kaka alisema hamfukuzi. Lakini majaribio yake yanaanza upya, na si Nosy Be. Atakaa hapa Mahajanga, pembeni ya mwongozaji mwingine, asikilize. Kipaza sauti hatakishika mpaka mwenzake athibitishe kwamba anaweza kumwambia mtu yeyote arudie, awe nani. Nosy Be atapelekwa mwingine. Akifaulu, wataona kama nafasi ile itakuwa bado ipo.

"Na kuhusu hiyo keki," alimalizia, akatazama karatasi zake, "sitaihesabu."

Mama alitaka nimgeuzie hilo la keki. Nikasema amesifu upishi.

Kwa hiyo kaka analala kwetu, kwenye chumba cha mbele, na shati lake limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Majirani hawaulizi, na jinsi wasivyouliza inamwudhi mama kuliko kama wangeuliza. Huwaambia kabla hawajafungua mdomo kwamba mwanawe amehamishiwa mji mkubwa. Rubani nilimwona siku moja mtaa wa Antanimasaja, akinunua sigara. Alinijua, akagusa kofia, akaanza kusema jambo, akaliacha. Na mimi nililiacha.

Siku za kwanza kaka hakusema nami. Baadaye akaanza, lakini ni swali lile lile, hubadilisha tu upande wa kulishikia. Nikiwa nachagua mchele atakuja kuchutama mbele yangu.

"Alivitoa vikombe kabla hamjafika mwanzo wa njia, au baada?"

"Baada. Alikuwa ameshakuambia yuko tayari."

"Na karani alianza kusema lini?"

"Hapo hapo."

"Kwa hiyo nilipomwambia asubiri, walikuwa tayari wanagombana."

"Sijui wewe ulisema lini, kaka. Mimi sikuwa na vikombe."

Huokota punje moja ya mpunga akaitupa. Kesho yake tena. Namjibu kila mara, sawasawa na nilivyojibu jana, kwa sababu nikibadilisha hata neno hunikatiza. Wakati mwingine nataka kumwuliza kama ingekuwa afadhali ningekaa kitako pale mlangoni. Sijauliza.

Ijumaa iliyopita habari zilikuja na abiria wa Nosy Be: wifi amejifungua mtoto wa kiume, wote wawili wazima. Mama alipiga vigelegele mpaka mtaa ukatoka nje. Watu waliingia uani, kaka akapewa mikono, akacheka, akasema alhamdulillahi kwa kila mmoja. Akaulizwa atakwenda lini kumwona mwanawe. Akasema karibuni. Mtu katika majaribio hapewi ruhusa, lakini hilo hakulisema. Walipotawanyika alisimama katikati ya ua akiwa hajui mikono aiweke wapi. Nilidhani anakuja kuniuliza tena, nikasogeza ungo nimpishe mahali pa kuchutama.

Badala yake aliingia ndani, akatoka amevaa shati la kazi, anafunga vifungo huku anatembea.

"Unakwenda wapi?" mama alimwita. "Leo si zamu yako!"

"Najua, mama."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kusikiliza," alisema, na alikuwa ameshafika barabarani, anasimamisha puspus.